Chekeche: shajara ya programu ya kuchagua hisa za muda mfupi, soko la Nairobi

Machi 2025: kazi yenyewe

Kila siku soko likishafungwa saa tisa alasiri, programu isome bei za siku hiyo, ipitie kampuni zote zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kisha itoe orodha fupi ya hisa za kununua kesho na kuuza ndani ya wiki moja au mbili. Basi. Nimeipa jina Chekeche. Imeandikwa kwa lugha ya Python, majedwali yanashughulikiwa na maktaba yake iitwayo pandas, na yote inakaa kwenye kompyuta yangu hapa Mombasa. Haiweki oda. Inatoa majina, na mtu ndiye anayempigia dalali au kufungua programu ya simu.

Hilo la mwisho nimeliamua kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliachia programu mpya ya oda ikiwa na kipande cha msimbo wa zamani kilichosahauliwa ndani ya sava mojawapo. Kwa dakika 45 hivi ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Wao walikuwa na jengo zima la wahandisi. Mimi ninaye binamu yangu, mhasibu, anayekagua mahesabu yangu Jumamosi akiwa na nafasi.

Kampuni zilizoorodheshwa Nairobi ni sitini na kitu. Aliyezoea kusoma habari za New York, ambako programu za namna hii huchuja maelfu ya hisa, atauliza kuna haja gani ya programu, si uzisome kwa macho? Unaweza. Lakini macho yana tabia ya kurudi kwenye hisa unazozipenda. Mimi hutazama Safaricom kwanza kila siku, hata siku ambayo haina la kuniambia.

Machi, mwishoni: nasaba na makaburi

Data imekula wiki zote hizi, na bado haijashiba.

Kwanza ni majina. Barclays Bank of Kenya iligeuka Absa mwanzoni mwa 2020. NIC iliungana na CBA mwaka 2019, ikatoka NCBA. Kwa programu, hapo kampuni moja imekufa na nyingine imezaliwa siku ya pili bila historia, kwa hiyo wastani wa bei za siku 50 zilizopita haupo na hisa inaachwa nje kwa miezi. Nimetengeneza jedwali la nasaba: nani alikuwa nani, hadi tarehe gani.

Pili ni waliokwisha ondoka. Binamu alipoona orodha alicheka. "Kaka, mbona umewachanganya marehemu na wazima?" Nikamwambia, "Ndiyo kazi yenyewe, dada. Ukiwafukia, programu itadhani hapa Nairobi hakuna anayekufa." ARM Cement ilisimamishwa sokoni 2018, Deacons vilevile, Mumias mwaka uliofuata. Ukijaribu kanuni yako ya kuchagua hisa juu ya bei za zamani za kampuni zilizopo leo tu, unaijaribu kwa walionusurika, na kanuni ya "nunua iliyoanguka sana" itang'aa ajabu, kwa sababu kila iliyoanguka kwenye data yako ilikuja kuinuka. Zile ambazo hazikuinuka umezitoa mwenyewe. KenolKobil nayo imo, ingawa yake ilikuwa kifo cha heri: Rubis ya Ufaransa iliinunua kwa shilingi 23 kwa hisa, ikatoka sokoni 2019.

Tatu ni Kenya Airways, na hii inastahili aya yake. Hisa zake zilisimamishwa Julai 2020 bei ikiwa shilingi 3.83, zikarudi sokoni Januari 2025. Katika faili, mstari wa Julai 2020 unafuatwa na mstari wa Januari 2025 kama jana na leo. Chekeche ikaona hisa imetulia, kisha ghafla inapanda kwa ujazo mkubwa, yaani hisa nyingi zikibadilisha mikono, ikaiweka ya kwanza kwenye orodha. Wastani wake wa siku 50 ulikuwa umechanganya wakati wa korona na mwaka huu. Sasa kanuni ni hii: pengo likizidi siku kumi za soko, historia inaanza upya, na hisa haichaguliwi mpaka ijaze siku 60 mpya. Naona ni sawa. Mtu aliyefungiwa fedha zake miaka minne na nusu ana sababu za kuuza au kushikilia ambazo hazisomeki kwenye chati yoyote.

Nne, gawio, ile sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wanahisa. Equity ililipa shilingi 4.25 kwa hisa kwa mwaka wa fedha 2024, huku bei ikiwa shilingi arobaini na kitu. Hisa ya namna hiyo ikivuka tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, bei hushuka, na haina ubaya wowote: aliyenunua leo hapati gawio, basi analipa pungufu. Programu isiyojua hilo inapiga kelele kwamba hisa imevunjika. Tarehe za madaftari nimeziingiza kwa mkono kutoka kwenye matangazo ya kampuni, na bei za kabla ya hapo zinarekebishwa.

Aprili: bei ambayo hakuna aliyeinunua

Nimekaa na mzee mmoja aliyefanya kazi kwa dalali tangu enzi za kupigiana kelele ukumbini, kabla soko halijaingia kwenye kompyuta Septemba 2006. Nilimwamkia, nikamfungulia Chekeche, nikamwonyesha: hapa programu inaona bei ya kufunga imevuka wastani, hapa inanunua kwa bei hiyohiyo ya kufunga.

Akatazama kwa muda. "Mwanangu, bei hiyo ulinunua kwa nani?"

Sikuhitaji aeleze zaidi, lakini alieleza. Bei inayochapishwa mwisho wa siku Nairobi ni wastani wa biashara zote za siku, kila biashara ikipimwa kwa wingi wa hisa zake. Hisa ikiuzwa asubuhi kwa 18 na alasiri kwa 19, bei ya kufunga inaweza kuwa 18.40, na huenda hakuna hata mtu mmoja aliyeuza au kununua kwa 18.40. Isitoshe, wastani huo unajulikana soko likishafungwa. Kununua kwa bei hiyo ni kununua jana kwa habari za leo.

Nimebadilisha. Ishara ikitoka leo, jaribio linanunua kesho kwa wastani wa kesho kukiongezwa nusu ya pengo kati ya wastani huo na bei ya juu ya siku. Ni ukatili kidogo, najua, lakini anayekimbilia hisa inayopanda hapati bei ya katikati. Siku ya kuuza inafanyika hivyohivyo kwa upande wa chini. Kwa badiliko hili pekee, kanuni tatu kati ya zile nilizokuwa nazo ziliacha kuleta faida.

Mei: ukuta wa ada

Leo ni hesabu tupu, kwa sababu hapa ndipo mradi mzima unapoamuliwa.

Ada hutofautiana kwa dalali na dalali. Kwenye Chekeche nimeweka asilimia 1.8 kila upande, ndani yake ikiwemo ada ya dalali na tozo za soko, za mamlaka ya masoko ya mitaji na za hifadhi ya hisa. Nunua hisa 1,000 kwa shilingi 20. Hisa zenyewe ni 20,000, ada 360, jumla 20,360. Ili urudishe 20,360 mkononi baada ya kukatwa asilimia 1.8 nyingine, lazima uuze kwa 20.75. Hapo hujapata kitu. Umerudi ulipokuwa.

Ongeza pengo kati ya bei ya wanunuzi na ya wauzaji. Wanunuzi wamesimama 19.90, wauzaji 20.10. Ukitaka hisa leo unalipa 20.10, na ukitaka kutoka kwa haraka unauzia waliosimama upande wa wanunuzi. Basi bei ya wanunuzi lazima ipande kutoka 19.90 hadi 20.85 ndipo utoke salama. Hiyo ni karibu asilimia 4.8, katika soko ambalo bei ya hisa haiwezi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku, na kwa siku nyingi haisogei hata asilimia 1.

Piga kwa mwaka. Mzunguko mmoja wa kununua na kuuza ni asilimia 3.6 ya mtaji kabla ya pengo. Ukizungusha mtaji wako mara moja kwa mwezi, ada peke yake ni asilimia 43. Katikati ya 2024 serikali ya Kenya ilikuwa ikilipa karibu asilimia 16 kwa mwaka kwenye hati za hazina za siku 91, na hizo hazihitaji Python. Tangu hapo riba imeshuka sana, na hiyo ndiyo sababu watu wengi wamerudi kwenye hisa, pamoja na mimi. Lakini hesabu ya ada haijashuka na riba.

Soko liliruhusu kununua na kuuza hisa ileile siku moja tangu Novemba 2021, na tozo zake kwa biashara hiyo zikapunguzwa kidogo. Nimejaribu kanuni za siku moja kwenye karatasi nikaziacha. Tozo za soko si mzigo mkubwa, mzigo ni ada ya dalali, na hiyo inategemea makubaliano yenu. Watafiti wa Brazil waliowafuatilia watu binafsi waliofanya biashara ya siku moja kwenye mikataba ya baadaye ya faharasa ya hisa (kipimo cha bei za hisa nyingi kwa pamoja) walikuta kwamba kati ya waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipata hasara. Na pale ada ni ndogo kuliko hapa, na kila dakika kuna mnunuzi.

Kuanzia leo Chekeche inauliza swali moja kabla ya mengine yote: katika miezi sita iliyopita, hisa hii imewahi mara ngapi kusogea zaidi ya gharama ya kuingia na kutoka ndani ya siku kumi? Ikiwa jibu ni "nadra", inatupwa hata kama chati yake inapendeza. Nusu ya soko iliondoka jioni hiyohiyo. Binamu ameuliza kama hii ni programu ya kuchagua au ya kukataa. Ya kukataa, nadhani. Kuchagua kunafanywa na kinachobaki.

Juni: kipimo kinachopiga mia

Kuna kipimo kinaitwa RSI, alichokitoa J. Welles Wilder mwaka 1978. Kinalinganisha wastani wa mapando na wastani wa maporomoko ya bei, kwa kawaida kwa siku 14, kikatoa namba kati ya 0 na 100. Juu ya 70 watu husema hisa imenunuliwa kupita kiasi, chini ya 30 wanasema imeuzwa kupita kiasi. Kila programu ya chati ya bure inacho.

Nairobi kinachekesha. Zipo hisa zinazokaa siku kumi na nne bila kuuzwa hata moja. Bei inabaki ileile, kwa hiyo hakuna pando wala poromoko. Kisha mtu mmoja ananunua hisa 200 kwa senti kumi juu. Wastani wa maporomoko ni sifuri, hesabu inagawanya kwa sifuri, na kipimo kinaruka hadi 100. Chati inasema soko zima limeishambulia hisa hii. Ukweli ni kwamba kuna mtu mmoja alikuwa na shilingi elfu chache.

Dawa si kurekebisha kipimo, dawa ni kutokipeleka mahali kisipofanya kazi. Hisa isiyouzwa angalau siku 18 kati ya 20 za mwisho haipimwi kabisa. Halafu kuna ukwasi wenyewe, yaani wepesi wa kununua na kuuza hisa bila kuisogeza bei. Nilianza kwa wastani wa thamani inayouzwa kwa siku, nao unadanganya, maana mfuko wa pensheni ukimuuzia mwenzake hisa milioni tatu siku moja, wastani wa mwezi mzima unavimba wakati siku nyingine zote zilikuwa kavu. Sasa natumia thamani ya katikati: panga siku 20 kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati. Oda yangu isizidi sehemu moja ya ishirini ya hiyo.

Kilichobaki baada ya nyungo hizi mbili hakishangazi mtu yeyote anayelijua soko: Safaricom, Equity, KCB, Co-operative, Absa, NCBA, EABL, KenGen, Kenya Power, na wachache wanaoingia na kutoka kulingana na msimu. Siku nyingine orodha nzima ni majina tisa. Mzee aliposikia alisema angeniandikia hayo bila kompyuta, kwa kalamu, kwenye kikasha cha kiberiti. Kweli. Ila asingejua siku ambayo moja kati ya hayo linapaswa kutoka.

Julai: mwaka mzuri humpendeza kila mtu

Faharasa ya hisa zote, NASI, ilimaliza 2022 ikiwa karibu 127. Ikamaliza 2023 karibu 92. Ikamaliza 2024 karibu 123. Safaricom iliyokuwa imegusa shilingi 40 na ushee mwaka 2021 ilifika hadi 12 hivi mwishoni mwa 2023. Kenya Power ilianza 2024 ikiwa chini ya shilingi mbili, ikamaliza mwaka zaidi ya mara tatu ya hapo.

Kwa hiyo mwaka wa 2024 hauna maana kwa majaribio. Kanuni yoyote inayonunua na kushika ilipata, hata ile ya kununua hisa ambazo jina lake linaanza na K. Nimeijaribu, kwa udadisi, na inafurahisha sana.

Mwaka wa kupimia ni 2023. Katika soko linaloshuka Nairobi, mwekezaji wa kawaida hana njia ya vitendo ya kuazima hisa na kuziuza ili afaidike na anguko, kwa hiyo programu ina hiari mbili tu: kununua au kukaa. Kanuni nzuri ya 2023 ni ile iliyokaa. Nimeongeza sharti moja: ikiwa NASI iko chini ya wastani wake wa siku 100, orodha ya jioni inatoka tupu, na chini yake inaandikwa neno moja, "kaa". Kwa mwaka ule jioni nyingi zingekuwa za kukaa.

Jaribio lingine, na hili ningemshauri kila mwenye mradi kama huu alifanye mapema: chukua mabadiliko ya bei ya kila siku, yachanganye kama karata ili mpangilio wa tarehe upotee, kisha tafuta kanuni bora kwenye data hiyo isiyo na maana. Utaipata. Itakuwa nzuri. Ikiwa kanuni yako ya kweli haiishindi ile ya kubahatisha kwa pengo la kuonekana, ulichogundua ni uvumilivu wako wa kubadilisha namba. Kwangu mimi zimebaki kanuni mbili. Ya kwanza inanunua hisa inayovuka bei yake ya juu ya siku 50 kwa ujazo unaozidi wa kawaida. Ya pili inanunua benki kubwa iliyoshuka wiki mbili mfululizo wakati soko zima halijashuka. Tofauti yao na bahati si kubwa. Ipo.

Julai, baadaye: Bamburi

Hii nimeiweka kando kwa sababu ilinifundisha kuhusu mipaka ya chati. Julai 2024 Amsons ya Tanzania ilitangaza kutaka kuinunua Bamburi Cement kwa shilingi 65 kwa hisa, bei iliyozidi ile ya sokoni kwa zaidi ya asilimia 40. Baadaye Savannah Clinker ikaingia na ofa ya juu zaidi, kisha ikajiondoa, na Desemba Amsons ikaichukua kampuni.

Kwenye jaribio, kanuni ya kwanza inainunua Bamburi kwa furaha baada ya tangazo: imevuka bei ya juu, ujazo mkubwa, kila kitu. Lakini hisa yenye ofa mezani si hisa ya kawaida tena. Bei yake inafungwa na ofa, na kinachobaki kununuliwa ni dau la kama mwenye ofa ataongeza au ataondoka. Hilo ni suala la mawakili na wadhibiti. Sasa kuna faili la mkono linaloitwa "ofa", na kampuni iliyomo humo haichaguliwi. Linahitaji mtu asome matangazo kila wiki. Sijapata njia ya kumwondoa mtu hapo, wala siitafuti.

Agosti: hisa moja moja

Mwezi huu soko limeondoa sharti la kununua hisa 100 kwa uchache, sasa unaweza kununua hata moja. Kwa mradi huu ina faida mahali pamoja: naweza kujaribu na fedha halisi kwa oda ndogo na kuona tofauti kati ya bei ambayo Chekeche ilikisia na bei niliyopata. Lakini ada ya chini ya dalali ipo, na kwa oda ya shilingi mia tano inaweza kuwa asilimia ya kutisha. Nimeweka uchache wangu mwenyewe kwenye programu.

Binamu amegundua jambo kwenye oda za mwanzo: bei tunazopata ni mbaya zaidi asubuhi, soko linapofunguka saa tatu na nusu, kuliko baada ya saa tano. Oda ni chache mno kuthibitisha. Tunaandika saa ya kila oda kuanzia sasa.

Septemba: ilipofika

Chekeche inatoa orodha kila jioni ya siku ya soko. Kwa kawaida ina majina mawili au matatu, mara nyingine hakuna. Kila jina linakuja na bei ya kuvunja usawa, yaani ile ya kurudisha gharama tu, ikishahesabiwa ada na pengo, idadi ya juu ya hisa za kununua bila kuisukuma bei, na tarehe ya kufunga daftari ikiwa iko ndani ya wiki tatu. Mstari huo wa bei ya kuvunja usawa ndio ninaousoma kwanza siku hizi.

Watu wawili wameniomba niiuze. Hapana. Kuwashauri watu hisa za kununua kwa malipo kunahitaji leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji, na zaidi ya hapo, watu kumi wakipokea jina lilelile jioni moja kwa hisa inayouzwa kidogo, wa kwanza atanunua na tisa wengine watampandishia bei.

Kinachofuata ni soko la mikataba ya baadaye (ya kununua au kuuza siku ya mbele kwa bei iliyokubaliwa leo), NEXT, lililoanza Julai 2019. Pale kuna mikataba ya Safaricom, Equity, KCB na nyingine kadhaa, gharama yake kwa mzunguko ni ndogo kuliko ya hisa zenyewe, na mtu anaweza kuchukua upande wa kushuka. Ishara za "kaa" zingepata kazi. Tatizo ni kwamba biashara yake bado ni nyembamba, kwa hiyo sehemu ya ukwasi italazimika kuandikwa upya yote kabla ya kuweka hata senti. Binamu ameomba bei za kila siku za mikataba hiyo tangu ilipoanza. Tutaanza kuziingiza Jumamosi.